Neno Lililokatwa Kwenye Supu ya Dengu

Nimeshasema sitaki, na bado mnagonga. Mnapanda ngazi zote hizi za mlima wa Ashrafiyya mkihema kama mbuzi, mnajitupa kwenye kochi langu, mnakunywa chai yangu ya majani ya miramia, halafu mnaniuliza habari za Nuzha kwa sababu Nuzha mwenyewe amewafungia mlango. Kwani mimi ni dirisha lake? Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la akina mama pale msikitini, na mkono wangu unakwenda polepole kama anayechambua mchele. Haya, nitaandika. Lakini mtasoma mpaka mwisho, maana ugonjwa wenu nyinyi ni kukata maneno ya watu katikati.

Nuzha ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Nayif, na tunakaa jengo moja, yeye juu, mimi chini. Jambo moja lishikeni tangu sasa. Mwanamke huyu, kwa zaidi ya miaka thelathini, hakutamka neno "nimekubali." Ukimkaribisha chakula, atasema, "Sikatai." Mwanawe alipokuja kumwomba ruhusa ya kwenda kusoma Uturuki, mama alilia, akamfungia nguo, akasema, "Sikatai." Neno lile liliibwa kinywani mwake, likatiwa uchafu, likazungushwa nchi zote za Waarabu kwa sauti yake mwenyewe. Akaapa kwamba halitamtoka tena mpaka lirudishwe lilikotolewa. Hicho tu ndicho alichokuwa anakidai. Hayo mengine ni kelele za katuni.

Alizaliwa na sauti isiyofanana na umbo lake. Mwili mdogo kama wa shomoro, sauti nzito yenye mchanga ndani, kama ya mvulana anayekaribia kubalehe. Akipokea simu, watu walimwita "kijana." Mchumba wa kwanza aliyeletwa nyumbani kwao alisikia sauti ile nyuma ya pazia ikiuliza kama kahawa itiwe iliki, akadhani binti ana kaka mkali, akaaga kabla kahawa yenyewe haijafika.

Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Chini ya duka moja la mazulia kule mtaa wa Luweibde kulikuwa na studio ya Ustadhi Mamduh. Kanda za katuni zilitoka Ujapani zikisema Kijapani, pale chini zikatiwa Kiarabu fasaha, kisha zikauzwa kwa televisheni kuanzia Ghuba mpaka Moroko. Wavulana wa katuni walisemewa na wanawake, maana mvulana wa kweli ukimzoea tu, sauti inavunjika, na katuni ndiyo kwanza imefika nusu.

Msidhani ilikuwa kazi ya fahari. Kuta zilitundikwa mazulia yaliyokosa wanunuzi ili sauti isirudi, na mazulia yale yalinuka mbuzi aliyelowa mvua. Vile visikilizio vya masikioni vilikuwa jozi moja kwa watu wote, vina mafuta ya nywele ya Mamduh kama kikaango. Maikrofoni ilikuwa na mate ya kila mtu. Na Mamduh mwenyewe alikuwa hakai bila mbegu za maboga: anapasua kwa meno, anatema maganda kwenye sahani, sahani ikijaa anatema sakafuni. Nje muuza gesi akipita anagonga mitungi yake kwa spana, kila mtu ananyamaza kumngoja, na katika ukimya ule unasikia meno ya Mamduh tu: ka, ka, ptu.

Nuzha aliyavumilia yote hayo kwa sababu aliipenda kazi. Akikaa mbele ya ile picha, akifuata midomo ya mtoto wa kuchorwa mpaka maneno yake yakae sawasawa kama kifungo kwenye tundu, alisahau mafuta ya nywele ya mtu.

Lililomshinda ni ile tabia ya Mamduh ya kuhalalisha. Kila televisheni ilikuwa na haramu yake. Hii haitaki mvinyo. Ile haitaki nguruwe. Nyingine haitaki mvulana na msichana wasio maharimu wapande farasi mmoja. Mtu mwingine angemtengenezea kila mteja kanda yake. Mamduh alikuwa mvivu. Alikusanya haramu za wote akazitoa zote kwenye kanda moja, ili iuzike popote. Mvinyo ukawa sharubati ya zabibu, na wazee wa katuni wakawa wanapepesuka, wanaimba, wanaanguka mitaroni kwa sharubati. Nguruwe akawa kondoo mnene. Hata akilia kinguruwe, ni kondoo, labda ana mafua.

Kisha ikaja katuni iliyowaleta nyinyi hapa, ile ya walinzi wa mnara wa theluji. Shujaa wake walimpa jina la Rakan, kijana wa mlimani, na Nuzha ndiye aliyemsemea. Kulikuwa na Yakuti, binti wa mhunzi, aliyesemewa na Lamis, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Kwa Kijapani, hawa wawili ni wachumba tangu kipindi cha kwanza. Nuzha akafungua karatasi za mfasiri, akakuta wino mwekundu wa Mamduh.

"Ustadhi," akasema, "hapa mfasiri ameandika mchumba wangu. Wewe umefuta, umeandika dada yangu."

"Ndiyo. Wanapanda farasi mmoja."

"Dada wa baba mmoja au wa mama mmoja?"

"Nuzha, soma."

"Nauliza tu. Baba wa msichana ni mhunzi, yuko hai, huyu hapa anapiga nyundo. Baba wa Rakan alikufa vitani. Sasa mama yao alikuwa na kazi gani, kuzunguka?"

Lamis alicheka mpaka akashika ukuta, vumbi la zulia likamwingia, akaanza kupiga chafya.

"Watoto hawaulizi mambo hayo," Mamduh akasema, akatema ganda.

"Watoto wa jengo letu wanauliza hata paka anakojoa wapi."

Lakini alisoma. Alisema "dada yangu," na farasi akaenda.

Shida ni kwamba kanda zilifika kutoka Ujapani kwa mafungu, na Mamduh hakuwa mtu wa kuuliza huko mbele kuna nini. Fungu la kwanza lilitiwa sauti, likauzwa, likaanza kuonyeshwa. Fungu la pili likaja na Rakan amelala chini ya nyota anasema hapati usingizi kwa kumuwaza Yakuti. Ikabidi Nuzha aseme, "Dada yangu, uso wako hauniachi nilale," na alipomaliza akatoka nje akatema mate barabarani, yeye ambaye hatemi mate. Fungu la mwisho likaja na harusi.

Mamduh alikaa mbele ya kioo cha televisheni, mbegu ya boga imemganda kwenye mdomo wa chini. Yakuti ana shela. Rakan amemshika mkono. Kijiji kizima kina maua. Mzee mwenye ndevu amesimama katikati yao.

Lamis akasema, "Hongera, Ustadhi. Umeozesha ndugu."

"Si harusi," Mamduh akasema.

"Ni nini basi, tohara?"

"Ni kuapishwa. Wanaapishwa kuwa walinzi wa mnara. Shela ni vazi la theluji. Pete ni pete za ulinzi."

Na kweli akaandika hivyo, kwa wino wake mwekundu. Pakabaki mahali pamoja tu. Mzee anauliza swali, na uso wa Rakan unakuja mpaka unajaa kioo chote, midomo inafunguka mara kadhaa, huwezi kuuficha wala kuukata. Mamduh akajaribu "naapa," ikawa fupi. Akajaribu "nitaulinda mnara," ikapita. Mwisho akaandika "nimekubali," na midomo ikakaa barabara.

Nuzha akaliona neno, akavua visikilizio.

"Hili sisemi."

"Ni kiapo cha ulinzi, binti yangu."

"Ustadhi, mzee ameuliza, bwana ameshika mkono, binti ana shela. Neno hili ni la ndoa. Mtoto yeyote aliyewahi kupelekwa kwenye harusi ya mjomba wake analijua. Nimwoe dada yangu mbele ya watoto wa Waarabu wote?"

"Midomo imelingana!"

"Basi nenda kalingane nayo wewe."

Akajifuta masikio kwa ncha ya mtandio wake, akapanda ngazi, akaenda zake. Alikuwa ameshachumbiwa na kaka yangu, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba asiposema yeye, hakuna atakayesema, na kipindi kile kitaachwa. Hakujua wembe unaweza nini.

Nirudi nyuma kidogo. Katika fungu la pili kuna mahali Rakan amepotea kwenye theluji, anaingia kibanda cha bibi kizee anayepika supu. Supu ilikuwa ya nguruwe, Mamduh akaifanya ya dengu. Bibi anamkaribisha, naye anajibu, "Nimekubali, bibi, nipe supu yako ya dengu, hata kama imeungua." Siku ya kurekodi, Nuzha alimega kipande cha kaaki, ule mkate mkavu wa ufuta, akakitia mdomoni, apate sauti ya mtu mwenye njaa anayetafuna. Hiyo ilikuwa desturi yake: mvulana wa katuni akila, na yeye anakula. Mamduh akachukua utepe ule wa sauti, akakata kwa wembe neno la kwanza peke yake, akalibandika kwenye harusi.

Alasiri kipindi cha harusi kilipoonyeshwa, jengo zima lilikuwa sebuleni kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na televisheni ya rangi. Nuzha alikuja na sinia ya kunafa, vile vitamu vya jibini. Alikuwa bado mgeni kwetu, anajipendekeza kwa watoto. Mzee wa ndevu akauliza. Uso wa Rakan ukajaa kioo. Na sauti ya Nuzha, na mkate mdomoni, ikasema: "Nimekubali."

Kisha kitoto kimoja kikauliza, "Amemwoa dada yake?"

Na kingine, "Tena anakula!"

Nuzha aliweka sinia sakafuni, akaenda kwenye sinki langu akasukutua mdomo, akasukutua tena, kama mtu aliyemeza nzi. Nikamfuata.

"Una nini, wifi?"

"Ile ni supu," akasema. "Ile ni supu yangu. Wameikata."

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ana homa.

Makelele yalianza wiki hiyohiyo. Wazazi wakaandika magazetini, wahubiri wakapaza sauti, televisheni mbili zikamwuliza Mamduh yeye ni mtu wa dini gani. Angeweza kusema ukweli: wale ni wachumba, nilibadilisha mimi. Hakusema. Alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba mwigizaji mmoja, Nuzha, bila idhini, alitia neno lake mwenyewe kwa mzaha. Na mlijue hili pia: mpaka siku ile jina la Nuzha halikuwahi kuandikwa popote. Wenye televisheni hawakutaka ijulikane kwamba shujaa wao ni mwanamke, kwa hiyo mwisho wa katuni yaliandikwa majina ya wapaka rangi wa Ujapani, na ya Mamduh, basi. Mara ya kwanza jina lake kupigwa chapa, likapigwa chapa ya uchafu.

Akaenda studio pamoja na Nayif. Nayif alikuwa fundi bomba, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Mamduh akawaagizia kahawa.

"Binti yangu," akasema, "magazeti yatasahau. Wewe utaolewa, utapika, utapata watoto. Mimi nina kampuni."

"Rudisha neno langu kwenye supu."

"Kanda zimeshauzwa."

"Basi sema kwamba umelikata wewe."

"Nikisema hivyo nani atanunua kwangu tena?" Akacheka, na meno yake yalikuwa na vipande vya maganda. "Wewe una aibu ya siku mbili tatu. Ivumilie. Kahawa inapoa."

Nuzha alichukua kikombe akakimimina kwenye sahani ya maganda mpaka yakaelea. Walipokuwa wanatoka, Nayif alifunga bomba la maji la duka lile, la chini kabisa ambalo fundi tu ndiye anayejua lilipo, na kaka yangu hakuwahi kufanya ubaya mwingine maishani mwake ninaoujua mimi.

Aibu ya siku mbili tatu! Siku ya ndoa yao, shehe alikuja na shahidi wake, na watoto wa mtaa wakajazana dirishani wanangoja. Nuzha alikuwa amekaa kando yangu, mikono imepakwa hina. Shehe akamwelekea kumwuliza kama ameridhia. Kabla hajafungua mdomo, kule dirishani watoto wote kwa pamoja, midomo imejaa hewa kama wanatafuna: "Nimekubali!"

Watu wakacheka. Mpaka baba yangu alicheka, Mungu amsamehe. Uso wa Nuzha ukawa kama chokaa. Shehe akauliza tena.

"Sikatai," Nuzha akasema.

"Sikatai ndiyo kukubali?" shehe akauliza, ameshika kalamu.

Nayif akajibu kutoka upande wa wanaume, "Shehe, kwa mwanamke huyu hiyo ni zaidi ya kukubali. Andika."

Hivyo ndivyo alivyoolewa.

Kazi ya sauti ikaisha, hakuna studio iliyomtaka. Akawa anapika vyakula vya shughuli: makluba ya wali na nyama, majani ya mizabibu yaliyojazwa wali, vitu vya watu wengi. Lakini lile neno halikukaa kimya. Kwanza lilikuja kwenye kanda za video, maana kila duka la mtaani lilikodisha ile katuni. Kisha yakaja madishi, kila paa limejaa madishi kama uyoga, na katuni ikaonyeshwa upya kwa watoto wa watoto. Kisha diski za wizi kule mjini, zimefungwa kwenye nailoni, Rakan amechapishwa na uso wa kijani. Kila ilipotoka upya, mtaa ulianza upya. Alikwenda zahanati ana mimba, nesi akasoma jina lake akauliza, "Wewe ndiye uliyemwoa dada yako?" Mtu wa kujaza matangi ya maji aliita kutoka juu ya paa, "Mama, nijaze mpaka juu? Sema lile neno!" Nuzha akamwacha ajaze la jirani. Tulikaa bila maji mpaka zamu nyingine, na mimi nilimtukana, na yeye akanitukana, tukapatana kwa kubeba pamoja ndoo ya maji ya kuomba kwa jirani.

Nayif alikufa akiwa ameshazoea nyumba isiyo na neno lile. Hata wanawe hawakulitumia mbele ya mama yao.

Ndipo akaja Yazan. Kijana nadhifu, kiatu cheupe, anatoka kampuni inayoonyesha katuni kwenye mtandao. Walikuwa wameinunua ile katuni ya mnara, wataitoa kwenye simu za watu na pia kwenye sanduku zuri la diski kwa wanaopenda kuweka kabatini.

"Shangazi," akamwambia Nuzha, "sisi tumelelewa na wewe. Tulikuwa tunatoka shule tunakimbia tukakusikie."

Nilimwona wifi yangu akilainika. Kwa muda wa kunywa nusu kikombe hivi.

"Tunafanya tamasha," kijana akaendelea. "Tunataka uje jukwaani useme lile neno moja tu. Watu wanalipenda mno."

"Wanalipendea nini?"

Akamwonyesha kwenye simu. Paka anapewa samaki: "Nimekubali!" Mume anapigwa ndala na mkewe: "Nimekubali!" Mbunge wa kuchorwa anapokea bahasha: "Nimekubali!" Yote kwa sauti yake, na mkate mdomoni. Kisha akatoa fulana, neno limeandikwa kifuani kwa rangi ya dhahabu.

Nuzha aliishika kwa vidole viwili kama unavyoshika panya kwa mkia. "Hii ni nguo ya ndani au ya nje?"

"Ya nje, shangazi."

"Aibu hiyo."

Kisha akamweleza habari ya supu yote, kama nilivyowaeleza nyinyi. Akamwambia, sauti yangu bado ipo, niwekeeni maikrofoni, nitasema upya tangu kipindi cha kwanza, bure: huyu ni mchumba wangu, na ile ni harusi. Mtoe ule uchafu.

Yazan akajikuna shingo. "Shangazi, watu hawataki iliyo sahihi. Wanataka ile ya zamani. Tukigusa hata herufi, watatuua."

"Kwa hiyo kinyesi kikikauka kinakuwa turathi?"

Kijana alicheka, akaona Nuzha hacheki, akaacha. Akafikiri. Akasema, "Basi tufanye hivi. Njoo jukwaani useme unachotaka. Habari ya supu, ya Mamduh, yote. Tutaipiga picha, tutaiweka mtandaoni na ndani ya sanduku pamoja na katuni. Kila atakayeiona harusi ataona na maneno yako."

"Yote?"

"Yote, shangazi. Naapa kwa macho yangu haya."

Nuzha alimtazama yale macho. "Sikatai," akasema.

Tulikwenda wote wawili. Ukumbi ulinuka bisi na jasho. Vijana wamevaa nywele za bandia za buluu, mibaba mizima yenye vitambi imevaa kanzu fupi za Rakan, wasichana wana shela ya Yakuti. Mmoja alimbusu Nuzha mkono akamwachia rangi ya mdomo. Kwenye kioo kikubwa wakaweka ile harusi. Uso wa Rakan ulipokuja kujaa, ukumbi mzima ukatafuna hewa na kunguruma: "NIMEKUBALI!" Nikahisi mkono wa wifi yangu ndani ya wangu, baridi kama chuma cha mlango.

Wakamwita. Akapanda. Mtangazaji akamsogezea maikrofoni, nikamwona Nuzha akiifuta kwanza kwa mtandio. Kisha akafungua mkoba, akatoa kipande cha kaaki, akamega, akatia mdomoni, akatafuna. Watu wakaanza kucheka. Naye, kwa sauti ileile ya Rakan isiyozeeka, akasema:

"Nimekubali, bibi, nipe supu yako ya dengu, hata kama imeungua."

Kicheko kikakwama.

"Hapo ndipo lilipotoka," Nuzha akawaambia, sasa kwa sauti yake, ambayo ni ileile. "Mtoto ana njaa, bibi anamhurumia. Halikuwa la harusi. Mwenye studio alilikata kwa wembe akalibandika kwingine, kisha akasema ni mimi. Yule msichana si dada yake. Ni mchumba wake, tangu mwanzo. Mimi nilikataa kusema. Sasa nimelirudisha mahali pake, nimemaliza."

Wakapiga makofi mpaka taa zikatikisika. Alishuka uso unang'aa kwa namna ambayo sikuiona tangu Nayif afariki. Ndani ya teksi nikamwuliza, kwa kumjaribu, "Wifi, tupite tununue maziwa?"

Akatazama nje ya dirisha kidogo. "Nimekubali," akasema.

Nikageuza uso nisimwonyeshe macho yangu. Jioni ile alilisema kwa kila kitu. Niongeze sukari? Nimekubali. Nifunge mlango? Nimekubali. Alikuwa kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Kabla ya Ijumaa mwanawe alipiga simu kutoka Uturuki. "Mama, umeiona?" Tukafungua. Watu wa Yazan walikuwa wamelichukua neno la kwanza, lile moja, na mkate mdomoni. Supu wameitupa, na wembe, na Mamduh, na mchumba. Wamelibandika juu ya uso wa Rakan kwenye harusi, mahali pa lile lililochakaa, na chini wameandika: *Sauti mpya, safi zaidi. Shangazi mwenyewe amekubali!*

Safari hii hawakuiba utepe wa zamani. Alikuwa amewapelekea kwa miguu yake, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi.

Akampigia Yazan. Akaweka simu wazi, nikasikia.

"Shangazi, ile ilikuwa ndefu," kijana akasema. "Watu hawana subira. Lakini wamefurahi sana! Hata kwenye sanduku imeingia."

"Ile yote?"

"Ile... nzuri zaidi."

Nuzha aliiweka simu chini ya sinki, karibu na ndoo ya taka, ikiwa bado inaongea. Akasukutua mdomo. Tangu siku hiyo hata "sikatai" hasemi. Anatikisa kichwa, au hatikisi. Nyinyi mmegonga mlango wake na masanduku yenu mikononi ili awawekee sahihi, na mimi nilisikia kutoka huku chini jinsi alivyowafungia, na nilifurahi.

Sasa mmesoma. Chai mmekunywa, na wewe uliyekuja na fulana ile ndani ya koti, usidhani sikuiona. Pale mezani kuna kaaki. Amege kila mtu kipande chake, atie mdomoni, asimame, aseme maneno yote kwa sauti, nami nitakuwa nasikiliza, na dirisha nimelifungua ili na aliye juu asikie. Anza na nimekubali, usiishie hapo, pita kwa bibi, pita kwenye dengu, ufike mpaka imeungua. Na wewe unayeisoma hii ukiwa kwako, kaaki kama huna tafuta mkate wowote. Simama. Sema. Yote.